Nani Alazimishwe Kwanza?

 

Juma lililopita, hapa redioni, niliuliza swali moja: bima ya afya iwe lazima kwa kila mtu, au kila mtu aachwe ajiamulie? Jumbe ziliingia nyingi, na nyingine sithubutu kuzisoma hewani kwa sababu wazazi wetu wanasikiliza. Nimechukua mbili. Wa kwanza yuko Kongwa, anaandika hivi: "Sisi hatutaki bima, tunataka matibabu bure kama enzi za Mwalimu. Kodi wanatukata mpaka kwenye simu, watutibu." Wa pili ni mfanyabiashara wa hapa Dodoma mjini: "Nina duka langu. Nikiumwa najua pa kwenda na pesa ninayo. Kwa nini nilazimishwe kulipia ugonjwa ambao sijaugua?"

Hawa wawili wakikutanishwa kijiweni watagombana mpaka kahawa ipoe. Lakini leo nataka kuwajibu wote wawili, kwa sababu yale wanayoyadai yote yameshafanyiwa majaribio katika nchi hii, na mengine yamefanyiwa hapa hapa kwetu Dodoma.

Nianze na wa Kongwa. Ndugu yangu, kweli matibabu yalikuwa bure. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliahidi kupeleka huduma vijijini, na wazee wa Ugogo wanakumbuka kwamba ahadi hiyo ilikuja pamoja na Operesheni Dodoma, pale watu walipohamishwa kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwekwa kwenye vijiji. Tuliambiwa: sogeeni pamoja, mpate shule, maji na zahanati. Wengine walisogea kwa hiari, wengine walisogezwa. Zahanati nyingi zilijengwa kweli. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakaa kwenye vikundi vya redio kama hii yako, wakajifunza kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Kisha mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyopiga marufuku hospitali na kliniki za kibiashara. Daktari hakuruhusiwa kufungua chumba chake mjini akatibu kwa faida. Waliobaki nje ya serikali ni mashirika ya dini, kwa kuwa hayo yalihesabiwa kuwa yanatoa huduma na si kuchuma. Ndiyo maana ukanda wetu huu haukukosa mahali pengine pa kukimbilia. Hospitali ya misheni ya Mvumi iliendelea. Ile ya Kilimatinde iliendelea. Na mtu wa kijiji cha mbali, hata matibabu ya serikali yalipokuwa bure kabisa, mara nyingi alipita mbele ya zahanati isiyotoza kitu, akaenda misheni kutoa chochote alichonacho. Kaa na hilo kidogo, msikilizaji. Watu walikuwa wanachagua hata wakati uchaguzi ulipokuwa umefungwa kwa sheria, na walichokuwa wanakifuata ni dawa.

Maana ile "bure" ilikufa mikononi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, mafuta yamepanda bei duniani, mazao yetu hayana soko la maana, na kufikia miaka ya 1980 zahanati ilikuwa na jengo, ina mganga, ina daftari, lakini kabati ni tupu. Mwaka 1991 sheria ikabadilishwa, hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa uchangiaji, kwanza kwenye hospitali kubwa, kisha ukateremka. Wapo wanaosema tulisukumwa na wakopeshaji wa nje. Tulisukumwa, sikatai. Lakini kabati lilikuwa tupu kabla hawajafika.

Na kwa taarifa yako, ile "bure" haijafutwa yote. Kwa sera yetu ya afya mjamzito halipi, mtoto chini ya miaka mitano halipi, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo halipi, mwenye kifua kikuu halipi. Hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, limeandikwa kwa rangi. Sasa niwasimulie. Nilikuwa mnadani Msalato, Jumamosi, nakula nyama yangu kama mtu yeyote mwenye akili timamu, nikakaa na mzee mmoja aliyekuwa ametoka kuuza mbuzi. Nikamuuliza, "Babu, mbuzi huyu wa karo?" Akaniambia, "Wa dawa, mjukuu wangu. Kitambulisho cha wazee ninacho. Daktari kaniona bure, kaniandikia bure. Kufika dirishani, dawa hakuna, nenda kanunue duka lile pale. Sasa huo msamaha, walimsamehe nani?"

Sina jibu la swali lake hadi leo. Duka la dawa liko mbele ya geti, lina taa usiku kucha, na muuzaji hajali umri wako. Kwa hiyo, wa Kongwa, ukidai bure, dai kwa sauti, ni haki yako. Ila ujue kwamba neno hilo peke yake halijawahi kujaza kabati.

Nakuja kwako, mwenye duka.

Unasema uachwe uamue. Basi nikueleze hiari tulivyoijaribu. Katikati ya miaka ya 1990, jirani zetu wa Igunga, kule Tabora, walianzishiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ule unaoitwa CHF. Kaya inachanga kidogo kwa mwaka, inatibiwa zahanati mwaka mzima, na serikali inaongeza kiasi kile kile wananchi walichochanga. Waliita tele kwa tele. Jina zuri kuliko matokeo yake. Mwaka 2001 ikatungwa sheria, CHF ikaenea wilaya nyingi, na kila ilipoenda hadithi ilikuwa ile ile: watu wachache wanajiunga, na kati ya hao wachache wengi ni wale ambao nyumbani tayari kuna mgonjwa. Ikaboreshwa. Hapa Dodoma tulikuwa wa kwanza kwanza, kupitia mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Waswisi kuanzia mwaka 2011, na kufikia 2018 ile CHF iliyoboreshwa ikatangazwa nchi nzima: Sh30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, ulikuwa unatibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa ukiwa na rufaa. Sh30,000 kwa watu sita, kwa mwaka. Gawanya mwenyewe. Na bado, hata baada ya kuboreshwa, Watanzania wenye bima ya aina yoyote ile walikuwa takriban asilimia 15 tu wakati Bunge linajadili sheria mpya.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nao ulijaribu hiari, kwa watu kama wewe hasa. Mwishoni mwa mwaka 2019 ulileta vifurushi vitatu: Najali, Wekeza na Timiza. Chagua kwa mfuko wako, cha chini kabisa kilikuwa Sh192,000 kwa kijana. Kulikuwa pia na Toto Afya Kadi, Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi waliipenda. Ghafla, Machi 2023, usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Kelele zilizopigwa mnazikumbuka. Mfuko ukajieleza: wazazi wanaandikisha mtoto akiwa tayari anaumwa, wale wazima hawaletwi, michango haitoshi hata kidogo kulipa gharama.

Nilikasirika kama wengine. Lakini ningekaa kwenye kiti cha mhasibu wa mfuko, ningesema nini? Hesabu ya bima ni kwamba mchango wa wazima wengi unamtibu mgonjwa mmoja. Ukimwambia kila mtu ajiunge siku anayotaka, atajiunga siku anayoumwa, na huo si ubaya wa roho, mimi na wewe tungefanya hivyo hivyo. Kisha mfuko unapandisha bei, wazima wanazidi kukimbia, unapandisha tena, mwisho unafunga dirisha. Wamarekani, na utajiri wao wote, walikwama papo hapo: sheria yao ya mwaka 2010 iliweka faini kwa asiye na bima ili wazima nao waingie, wakagombana kuhusu uhuru kwa miaka, na kuanzia 2019 faini hiyo ikashushwa hadi sifuri. Bado wanagombana.

Unasema pesa unayo. Kwa malaria unayo. Kwa kushonwa kidole unayo. Lakini hapo juu, ukielekea Chuo Kikuu cha Dodoma, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwaka 2018 walianza kupandikiza figo pale. Ni jambo la kujivunia. Mtoto wa Chemba leo hana lazima ya kusafirishwa India kwa kila kitu. Lakini kabla ya kupandikizwa mtu husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, wiki baada ya wiki. Duka gani la rejareja Dodoma linaweza kubeba mzigo huo kwa miaka miwili? Nitakuambia kinachotokea. Linaundwa kundi la WhatsApp. Jina la mgonjwa, picha yake akiwa bado mnene, namba ya kutuma mchango, na mweka hazina ni shemeji. Shangazi wa Singida anauza alizeti. Mdogo wako mwalimu anakopa. Ule uamuzi wako wa kutochangia ulilipiwa na ukoo mzima, na hakuna aliyeulizwa kama anataka.

Ndiyo maana huwa nashangaa tukizungumza habari ya kulazimishwa kana kwamba ni kitu kigeni. Hebu fikiria msiba. Katika kijiji chochote cha mkoa huu, na mtaani hapa mjini pia, kuna daftari la michango ya misiba. Kuna kiwango. Jirani akifiwa unatoa, uwe ulimpenda marehemu au la. Usipotoa, siku yako ikifika utaona nani anachimba kaburi. Hakuna askari, hakuna hakimu, na bado sijaona lazima inayotiiwa kuliko hiyo. Tena sijasikia mtu akiandamana kudai uhuru wa kutochangia msiba.

Ila kuna tofauti, na mimi naona tofauti hiyo ndiyo mgogoro wote wa bima ulipo. Kwenye msiba, mweka hazina anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Umetoa asubuhi, mchana unaiona sufuria inachemka. Umeona sanda, umeona jeneza, umekula ubwabwa. Mwaka mzima hakuna siku utakayofika pale ukaambiwa "wali hakuna, nenda kanunue nje." Kwenye bima unatoa leo, na siku ya kuhitaji unakuta dirisha limefungwa au kabati liko wazi halina kitu. Mtu akidanganywa hivyo mara moja, mwaka wa pili harudi, na anawaambia majirani kumi. Hapo ndipo CHF ilipofia. Watu wa mipango walikuwa wanaandika kwamba wananchi hawana elimu ya bima. Wanayo tele. Daftari la msiba ni bima, na wameliendesha kwa vizazi.

Kwa hiyo tatizo halikuwa serikali dhidi ya mtu binafsi; tatizo lilikuwa kabati. Na hapa Dodoma tuna ushahidi mzuri, ambao sioni ukitajwa sana kwenye mijadala ya televisheni, labda kwa sababu unahusu makaratasi ya kuagizia dawa. Mwaka 2014 mkoa huu ulianzisha utaratibu wa mshitiri, unaoitwa Jazia. Zamani zahanati ikiagiza dawa Bohari ya Dawa na zikakosekana, mganga mfawidhi anabaki anatazama ukuta, au anakwenda kununua kwenye duka lolote, kwa bei yoyote, na kuna wakati fedha hiyo ilipotea njiani. Chini ya Jazia, vituo vyote vya mkoa vinaunganisha mahitaji yao, mkoa unatangaza zabuni, anapatikana mfanyabiashara mmoja binafsi mwenye mkataba na bei zilizopangwa, na kile tu ambacho Bohari imethibitisha kwamba haina ndicho kinachonunuliwa kwake. Fedha za kituo, ikiwemo michango ya bima, zinatumika kujazia. Mpango ukafanya kazi kiasi cha Morogoro na Shinyanga kuuchukua, kisha nchi nzima.

Utaratibu huo ni wa serikali au wa watu binafsi? Mimi naona ni wa wote wawili, kila mmoja akiwa amefungwa kamba: serikali imefungwa iseme kwa maandishi kwamba haina dawa, na mfanyabiashara amefungwa kwenye bei. Hospitali za misheni nazo ziliishi hivyo hivyo kabla hatujaanza kubishana. Hospitali teule ni nini? Jengo la kanisa, watumishi wengi wanalipwa na serikali, mgonjwa wa dini yoyote anahudumiwa. Wagogo hawakuwahi kuuliza kama Mvumi ni sera ya mrengo gani.

Nirudi kwenye ile sheria mpya ya bima. Muswada wa kwanza uliletwa hapa Bungeni Septemba 2022, na ulikuja na fimbo nyingi. Ulitaka mtu asipate leseni ya udereva, leseni ya biashara, hati ya kusafiria na mambo mengine kadhaa mpaka aonyeshe bima. Wakati huo Wizara ilitaja Sh340,000 kwa kaya ya watu sita na Sh84,000 kwa mtu mmoja. Wabunge wakauliza swali la maana: asiyekuwa na kitu analipiwa na nani, kwa fedha ipi? Muswada ukakwama, ukarudishwa jikoni. Novemba 2023 sheria ikapita, safari hii ikiwa na vyanzo vya fedha vya kuwalipia wasio na uwezo: ushuru kwenye soda na pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha, miamala ya kielektroniki na kadhalika. Mwenye ajira anachangia asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri hawezi kubeba chini ya nusu ya hiyo. Kwa sisi tusio na mshahara, kiwango kilichotangazwa kwa kifurushi cha huduma muhimu ni Sh150,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka.

Ni afadhali kuliko 340,000. Lakini ni mara tano ya ile 30,000 ya CHF, ambayo nayo watu walikuwa wanaiacha. Nani anasema watailipa? Hapo nataka viongozi wasikilize kuliko wananchi.

Uwanda huu wa kati una msimu mmoja wa mvua, na huo mmoja wenyewe una kiburi. Unapanda Desemba, unaomba Januari isikauke, unavuna kuanzia Mei. Kati ya Juni na Agosti kijiji kina fedha: uwele na mtama vimo ghalani, alizeti na karanga zimeuzwa, mahindi yameshuka sokoni Kibaigwa. Kufikia Januari na Februari, miezi ya malaria na kuhara, nyumba haina shilingi wala chakula. Ukimfuata mtu huyu Februari ukamwambia alipe 150,000 kwa mkupuo, hata ukimtishia leseni, atakuuliza leseni ya nini, baiskeli haina leseni. Ukimfuata Julai, siku ya mnada, ukamruhusu alipe kwa awamu mbili, mnazungumza lugha moja. Wakenya wamelitambua hilo kwa kuumia. Mfuko wao mpya wa SHA ulioanza Oktoba 2024 unamkata mwenye mshahara asilimia 2.75, hauna shida naye. Lakini mkulima na muuza mboga anakadiriwa kwa maswali kuhusu paa lake, choo chake na mifugo yake, kisha anatakiwa alipe mwaka mzima mbele. Wengi walijiandikisha, waliolipa ni wachache, hadi wakabuni mkopo wa kulipia bima na kuupa jina la Kiswahili safi: Lipa SHA Pole Pole. Rwanda ilifika mbali zaidi, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wana bima, lakini kule kila kaya ilipangwa daraja lake kijijini, na maskini kabisa analipiwa.

Sisi pia tunao uzoefu wa kuwajua maskini wetu, tena tulianza nao Chamwino. Kabla TASAF haijaeneza ruzuku ya kaya maskini nchi nzima, ilifanyiwa majaribio Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji vyenyewe viliwataja watu wao maskini mkutanoni, wakapewa fedha kidogo kwa masharti: mtoto apelekwe kliniki na shule, mzee apimwe afya. Watafiti walifuatilia. Moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba kaya zilizopata ruzuku zilijiunga zaidi na CHF kuliko zisizopata, na nyingine zikanunua mbuzi na kuku. Yaani maskini wa Chamwino, akishikishwa shilingi, anakata bima bila kupelekwa na mgambo. Hilo lingetosha kuwanyamazisha wanaosema Mgogo hataki bima.

Sasa nirudi kwako mwenye duka, maana najua bado hujaridhika, na neno lako la uhuru ni zito. Hebu tutazame jambo moja la ajabu la mji huu. Tangu wizara zihamie hapa, Dodoma imejaa watumishi wa umma. Mtumishi hajawahi kuulizwa kama anataka bima. Tangu mwaka 2001 anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, kwisha. Yeye ndiye aliyelazimishwa kuliko wote. Na akiumwa? Anatoa kadi, anakwenda General, yaani hospitali ya mkoa, au Benjamin Mkapa, au hospitali ya masista, au ya binafsi yenye kiyoyozi iliyosajiliwa na Mfuko. Akichukizwa na daktari wa hapa anakwenda kwa yule. Mkulima wa Bahi, ambaye hajalazimishwa na mtu, uhuru wake ni wa zahanati moja, na wa kuuza mbuzi au kutouza.

Aliyebanwa kwenye kuchanga ndiye mwenye uhuru wa kutibiwa. Nililiwaza hilo muda mrefu, na ndilo lililonihamisha upande. Naunga mkono lazima. Kuchangia kusiwe hiari; mahali pa kutibiwa pawe hiari, na fedha imfuate mgonjwa aende nayo zahanati ya kijiji, hospitali ya St. Gaspar kule Itigi, au kliniki ya daktari wa mtaani kwake.

Hilo la mwisho si rahisi, nakubali. Machi 2024 Mfuko wa Taifa ulipoanza kitita chake kipya cha bei, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilitangaza kutopokea tena wagonjwa wenye kadi, kwa madai kwamba bei mpya hazilipi gharama. Kwa siku kadhaa watu wenye bima halali walikuwa wanatafuta pa kwenda. Ndiyo sura ya pili ya uchaguzi binafsi: hata mwenye hospitali naye huchagua, na anaweza kukuchagua uondoke. Kwa hiyo mtu atakayepanga bei asiwe mfuko peke yake, unaotaka zishuke, wala wenye hospitali peke yao. Na bei zikubaliwe kabla, wagonjwa wasitumiwe kama fimbo ya mazungumzo.

Lakini nimesema naunga mkono lazima, na lazima ina mpangilio wake. Wanaotutangazia wanaanza na mwananchi: jiandikishe, lipa, onyesha kadi. Mimi ningeanza upande wa pili wa dirisha. Zahanati ibandike ukutani orodha ya dawa zinazotakiwa kuwepo, na zilizopo leo. Kamati ya zahanati isomewe fedha za bima zilizoingia na dawa zilizonunuliwa, kila robo mwaka, kwenye mkutano wa kijiji, pale pale tunaposomeana michango ya shule. Na dawa iliyomo kwenye kitita ikikosekana, mgonjwa apewe karatasi aende nayo duka la dawa muhimu, achukue bila kulipa, duka lidai Mfuko. Hii ndiyo ninayoita lazima kwa serikali. Siku karatasi kama hizo zikianza kumgharimu mtu fulani ofisini, kabati litajaa haraka kuliko hotuba yoyote.

Nasikia waandikishaji wameanza kupita vijijini. Nawaombea heri, kazi yao ni ngumu na jua la hapa mnalijua. Ushauri wangu kwao ni mdogo: msije Februari. Njooni Julai, siku ya mnada, mkae karibu na zizi la mbuzi ambapo fedha inabadilisha mikono. Mje na mashine yenu ya kupiga picha na vitabu vya risiti, na mje pia na mganga mfawidhi wa zahanati ya pale, akiwa na leja yake ya dawa, aifungue mbele ya watu. Yule mzee wa Msalato atakuwepo, na swali lake analo bado.

Simu ziko wazi mpaka saa mbili kamili. Wa Kongwa, wewe ndiye wa kwanza.